Mitungi Niliyoipitisha Bila Kuipima

Sehemu ya Tano

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa kwenye sakafu ya bafu, daftari magotini, kiganja mdomoni ili dada yangu asinisikie. Nashukuru mmerudi. Kuna wasomaji ambao hawatarudi, na wala siwalaumu.

Kwa anayejiunga leo: mimi ni mpimaji katika kiwanda cha gesi ya kupikia. Mtungi wa zamani ukirudi kiwandani, kazi yangu ni kuujaza maji, kuubana kwa pampu ya presha na kuutazama. Ukivimba, au ukitoa jasho kwenye mshono wa chuma, unakatwa vipande. Ukivumilia, unagongwa mwaka wa kupimwa shingoni, unapakwa rangi, unajazwa gesi na kurudi jikoni kwa mtu.

Ndivyo nilivyofundishwa chuoni. Kiwandani nilikuta kazi imegeuzwa miguu juu. Rangi inataka jua la asubuhi ili ikauke, na pampu yetu ni kuukuu, inahema kama mgonjwa. Kwa hiyo, tangu kabla sijaajiriwa, watu waligonga mwaka kwanza, wakapaka rangi, halafu mchana rangi ikishakauka ndipo wakapima. Gonga kwanza, pima baadaye. Miaka yote hiyo kweli walipima, na hakuna aliyedhurika.

Kisha pampu ikafa.

Siku tisa tulisubiri kipuri. Siku tisa mitungi iligongwa, ikapakwa, ikapangwa uwanjani inang'aa kama maharusi, na hakuna jicho ambalo lingeitofautisha na iliyopimwa. Malori yakaja. Kitabu cha kutolea mzigo kikaletwa mbele yangu. Watu walikuwa wamesimama wananisubiri. Nikatia sahihi.

Ilikuwa mitungi mia moja themanini na sita. Najua idadi kwa sababu niliandika namba ya kila mmoja kwenye daftari langu, kimyakimya, kama mtoto anayejiandikia makosa yake.

Juzi mmoja ulipasuka kwenye kantini. Mpishi yuko hospitali, ameungua uso na mikono. Namba ya mtungi ilipofika kiwandani niliitafuta daftarini. Ukurasa wa tatu, mstari wa juu.

Imebaki mia moja themanini na mitano. Iko majikoni mwa watu, na hakuna anayeweza kuipata bila daftari langu.

Asubuhi baada ya usiku ule wa bafuni niliitwa kwa Meneja.

Nilivaa sketi ndefu na soksi nzito. Nilikuwa nimesikia kwamba mahabusu kuna baridi.

"Karibu, mwanangu," alisema Meneja. "Mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Kaa. Umekunywa chai?"

Nilikaa. Dirishani alikaa Wakili wa kampuni, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, sauti ya muuguzi anayekuambia haitauma.

"Tumekuwa tukikuangalia," Meneja aliendelea.

"Samahani," nikasema.

Wote wawili walicheka. Mimi ni mtu wa kuomba radhi hata nikikanyagwa.

"Unaomba radhi ya nini? Mwaka mmoja na nusu hujachelewa hata siku moja. Hugombani na mtu. Sisi wazee tumekaa, tukasema, kiwanda hiki kinahitaji damu mpya." Akasukuma karatasi mezani. "Soma."

Nilisoma. Nikarudia. Herufi zilikuwa zinacheza.

"Mkuu wa Ubora?"

"Mkuu wa Ubora."

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu?"

Akapiga kengele ndogo ya mezani. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wafanyakazi wa ofisini, mhasibu, mpokea wageni, hata mpakiaji wa mizigo ambaye tunamwita Kobe. Wakaanza kupiga makofi. Na watu wakinipigia makofi, mimi hufanya lolote wanalotaka ili waache.

Nikatia sahihi.

Walipotoka, nilipata wazo. Lilinijia kama mtu aliyenishika bega. Kama mimi ndiye mkuu, si ninaweza kuamuru?

"Bosi," nilisema, nikiitazama chupa ya chai. "Kama sasa mimi ndiye... naomba ile mitungi irudishwe."

"Mitungi ipi?"

"Ile ya zile siku tisa. Pampu ilipokuwa..."

Meneja alitabasamu. Halikuwa tabasamu baya. Mtu huyu alikuja msibani kwa baba yangu, akakaa chini na wajomba zangu mpaka jioni. Laiti angekuwa mkatili, ningejua pa kuanzia kumchukia.

"Mwanangu, mitungi yote iliyotoka hapa imepimwa. Ina mwaka shingoni. Ina sahihi kitabuni."

"Sahihi ni yangu."

"Ndiyo. Na sisi tunaiamini."

Wakili aliinua macho kwenye karatasi zake. "Dada, hiyo unayosema haikupimwa, una orodha yake?"

Nilivuta sketi magotini.

"Orodha?"

"Namba. Mahali popote. Daftari, kikaratasi, simu. Kama ipo, kampuni ingependa kuitunza vizuri, kwa usalama wako."

"Sina."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika chumba kile, na ulitoka laini kuliko kweli yoyote niliyowahi kuisema.

Meneja alinisindikiza mpaka kwenye ngazi, mkono begani. "Usijitese," alisema. "Kampuni ni nini? Ni bango na karatasi. Karatasi haikosei, mwanangu. Wanaokosea ni watu. Na wewe ni mtu mwema."

Nilitaka kumuuliza: kama karatasi haiwezi kukosea, mbona tunapofanya vizuri kampuni ndiyo inayosifiwa?

Nikasema, "Asante, bosi."

Nyuma ya banda la rangi kuna meza ya chuma. Hapo ndipo anapofanyia kazi mama tunayemwita Mama Nyundo. Miaka ishirini na miwili anagonga mwaka kwenye shingo za mitungi. Mkono wake wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto, na ulimi wake unagonga kuliko nyundo yenyewe.

"Nimesikia makofi," alisema. "Anaolewa nani?"

Nikampa barua.

"Sina miwani. Nisomee."

Nikasoma. Alipumua kwa pua.

"Binti, umevikwa kilemba cha ukoka. Ng'ombe akipita, anakula mpaka nywele. Hebu nisomee tarehe."

Sikuwa nimeitazama tarehe. Ilikuwa juu, pembeni, ndogo. Niliisoma kwa sauti.

"Tarehe mosi. Mwezi uliopita."

"Pampu ilikufa lini?"

"Tarehe tisa. Mwezi uliopita."

Mama Nyundo aliweka nyundo mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Kumbe ulikuwa Mkuu wa Ubora siku nane kabla pampu haijafa. Hongera. Mbona hukutuambia?"

"Mama, mimi sikuwa..."

"Sheria inataka mtu mmoja wa kujibu. Kile kiti kilikuwa kitupu mwaka mzima, hakuna mwenye akili aliyekitaka. Leo wakaguzi wa serikali wakija watauliza, nani anayejibu? Wataonyeshwa kiti. Kina mtu. Tena amekikalia tangu mwezi uliopita, na sahihi yake bado mbichi."

Niliketi kwenye mtungi uliogeuzwa.

"Lakini si mimi niliyeamua itoke!"

"Nani aliamua?"

Nilifikiri. Ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa ofisini, kwa sababu sikupata jibu.

"Mimi niligonga," Mama Nyundo alisema, akihesabu kwa vidole vyake vinene. "Nilidhani mtapima baadaye, kama siku zote. Kobe alipakia, akidhani mmeshapima. Wewe ulitia sahihi ukidhani mkubwa anajua. Shemeji yako aliendesha lori, yeye hata hakudhani, yeye ni dereva. Kila mmoja kafanya kijipande. Ukitafuta nani kafanya jambo zima, humpati."

"Na Meneja?"

"Meneja alisemaje? Unakumbuka? Alisimama pale pale, akasema, 'Wateja wanasubiri, ninyi ni watu wazima, mtajua wenyewe.' Basi. Hakuamuru. Hakukataza. Alitupa neno akaenda zake kula."

Kwenye banda, mashine ya rangi ilikuwa inatema.

"Daftari unalo bado?" aliuliza ghafla.

"Daftari gani?"

"Usinifanye mjinga. Nilikuona ukiandika chini ya meza. Mwanzoni nilidhani ni barua za mchumba, nikafurahi, nikasema afadhali, naye amepata." Akainama karibu. "Ukilichoma, hakuna namba. Hakuna namba, hakuna kesi, ile ya kantini itaitwa ajali. Ukilitoa, umejifunga kamba mwenyewe, na mimi umenifunga mguuni pako."

"Na mitungi, Mama?"

Alichukua nyundo. Hakugonga kitu.

"Nina wajukuu watano wanaokula kwa mkono huu," alisema. "Sijakuambia ulichome, binti. Nimekuambia tu kilichomo ndani yake."

Niliomba ruhusa. Nilisema tumbo linaniuma, na haukuwa uongo.

Nyumbani dada yangu alikuwa ameshapata habari, sijui kwa mdomo wa nani. Vigelegele vilinipokea uani.

"Mkuu wa Ubora! Mdogo wangu mimi! Yule aliyekuwa anajificha nyuma ya mlango wageni wakija!" Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. "Laiti baba angekuwepo. Nionyeshe barua, nionyeshe!"

Alibusu barua. Alibusu tarehe na kila kitu.

Shemeji alikuwa mezani, anamaliza kula. Ndiye aliyenitafutia kazi ile. Ni dereva wa lori la kiwanda, mtu mtaratibu, haongei mpaka aulizwe. Lori lilikuwa nje, limebeba mitungi.

"Shemeji," nilisema, "naomba nikuonyeshe kitu kwenye lori."

Dada alicheka. "Cheo hata saa sita hakijamaliza, ameshaanza ukaguzi!"

Ndani ya lori, madirisha yamefungwa, nilimweleza yote. Nililia katikati, nikaendelea. Alisikiliza ameshika usukani, ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Ngapi?"

"Imebaki mia moja themanini na mitano."

"Nimeipeleka mimi?"

"Karibu yote."

Alifuta usukani kwa kiganja, kana kwamba una vumbi.

"Kwa nini umeniambia?"

Nilifuta machozi kwa ukingo wa sketi.

"Umeshindwa kukaa nayo peke yako," alisema. Sauti yake ilikuwa inapanda, na sijawahi kuisikia ikipanda. "Unajua ulichonifanyia, shemeji? Nusu saa iliyopita nilikuwa dereva. Nilikula chakula cha mke wangu nikiwa dereva tu. Sasa na mimi najua. Nikiendesha kesho, naendesha nikijua. Mtu akiungua kesho, ameungua mimi nikijua!"

"Samahani."

"Acha samahani!"

Nje, dada alikuwa anamsimulia jirani juu ya ukuta. Tulimsikia akisema neno "mkuu" mara tatu.

Shemeji alifumba macho. Alipoyafumbua, alikuwa mtu mwingine, au pengine alikuwa yule yule na mimi ndiye niliyekuwa sijamwona.

"Nilete daftari?" niliuliza.

"Lete."

"Twende kwa wakaguzi?"

"Kesho asubuhi, mimi na wewe, tutakwenda na tutaandika maelezo mpaka kalamu iishe. Wakaguzi wamefunga saa tisa. Lakini mtungi hausubiri maelezo." Alionyesha nyuma kwa kidole gumba. "Nimebeba arobaini mipya kabisa, haijawahi kutumika. Ilikuwa iende duka la ng'ambo ya mji. Haitafika."

"Watakufukuza kazi."

"Hilo usinikumbushe, nitabadili mawazo."

Maduka anayopelekea mzigo huandika namba ya mtungi na mteja aliyeuchukua. Nikawa nasoma namba kwenye daftari, mwenye duka anatafuta jina, Shemeji anashusha mtungi mpya. Ila hatukusema kweli. Shemeji alikataa katakata.

"Ukisema mtungi ni mbovu, mtaa mzima utakanyagana. Wengine watauviringisha mferejini, wengine watauuza kwa mwenzao. Sema ni ofa. Ofa ya kampuni, mtungi mpya kwa wa zamani, bure. Nani atakataa?"

Kweli, hakuna aliyekataa. Milango kumi na mmoja tuligonga, milango kumi na mmoja walitubariki. Mzee mmoja alinishika mikono miwili, akasema kampuni yenu ina utu, Mungu aikuze. Nilisema amina. Nilikwenda nyuma ya lori nikatapika.

Mlango wa kumi na mbili ulikuwa wa fundi cherehani.

Shemeji alikuwa anageuza lori mwisho wa kichochoro, nikatangulia peke yangu. Chumba kilikuwa kimoja, na kila kitu kilikuwa ndani yake: kitanda, cherehani ya miguu, kapu la vipande vya nguo. Kwenye kona kulikuwa na jiko la gesi na sufuria ya maharage inayotokota. Mtungi ulikuwa sakafuni, ubavuni mwa meza ya kupigia pasi. Juu ya meza kulikuwa na pasi ya mkaa, matundu yake mekundu.

Nilianza wimbo wangu. "Shikamoo, mama. Ni ofa ya kampuni. Tunakubadilishia mtungi, tunakupa mpya, bure."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Ni ofa."

"Nimekuuliza kwa nini, unanijibu ofa." Alikuwa mwanamke mwembamba, pini tatu mdomoni, akizungumza kwa pembe ya midomo. "Mimi nashona, mwanangu. Kitambaa kizima hakibadilishwi kwa kipya kama hakuna tundu mahali. Tundu liko wapi?"

"Hakuna, mama."

"Basi acha wangu. Umegongwa mwaka huu, njoo ushike." Alinivuta mkono, akauweka kwenye shingo ya mtungi. Nilizisikia tarakimu chini ya vidole vyangu. "Marehemu mume wangu ndiye aliyenifundisha. Gusa shingo. Ikiwa mwaka ni mpya, lala usingizi wako. Na mimi nalala."

Mkono wangu ulishuka wenyewe. Nilikuwa natafuta mshono unaozunguka tumbo la mtungi. Nikaukuta. Rangi ilikuwa imepasuka, mstari mwembamba kama unywele, na chuma chini yake kilikuwa kimefura.

Siku tisa zile zote zilikuwa pale, chini ya kidole changu.

"Mama," nilisema, "zima jiko."

"Maharage hayajaiva."

"Tafadhali zima."

"Wewe ni nani wa kunipangia..."

Nilimpita. Nikafunga koki mwenyewe. Moto wa jiko ukafa.

Alitema pini. "We! Unaingia nyumbani kwa mtu unazima jiko lake?" Kabla sijajibu alikuwa mlangoni. Alizungusha ufunguo, akautumbukiza kifuani ndani ya nguo. "Kumbe ndio ninyi! Wiki iliyopita mlimchukulia jirani yangu mtungi kwa maneno ya asali kama haya. Leo hutoki. Huyo mwenzako wa gari avunje mlango, mtaa mzima usikie."

"Mama, mimi si mwizi."

"Wewe nani?"

Nilisoma chuo miaka mitatu. Nimejibu maswali mbele ya wakufunzi watano. Sijawahi kupata swali gumu kama lile.

"Huo mwaka shingoni," nilisema, "niliupitisha mimi. Mtungi haukupimwa. Ulipaswa kubanwa kwa maji kwanza, haukubanwa, nami nilijua, nikatia sahihi. Kuna mpishi yuko hospitali kwa sababu yangu. Ofa hakuna. Nilikudanganya kwa sababu naogopa."

Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige.

"Kampuni inajua?" aliuliza mwishowe.

"Inajua, lakini haijui."

"Hicho kitu hakipo. Una cheo gani huko?"

"Mkuu wa Ubora."

"Ubora!" Alicheka, kicheko kifupi kama uzi unaokatika. "Basi mpigie mkubwa wako. Sauti ya nje, nisikie. Akisema hakujui, nakuitia watu."

"Mama, tuongelee nje. Nakuomba. Pasi..."

"Piga!"

Nilipiga. Vidole vilikosea mara mbili. Simu iliita mara moja tu.

"Mkuu wa Ubora!" Sauti ya Meneja ilijaa chumbani, changamfu. "Tumbo limepoa?"

"Bosi, niko kwa mteja. Kuna mtungi hapa. Ni wa zile siku tisa."

Alishusha pumzi, kama baba aliyechoka. "Mwanangu, hili tulilimaliza asubuhi. Mitungi yote imepimwa."

"Umesikia?" fundi alinitazama. "Umepimwa. Mwizi mkubwa wewe, tena mwenye machozi."

"Bosi," nilisema. Sauti haikuwa yangu, ilikuwa ya mtu mwenye ujasiri, sijui alitokea wapi. "Mshono umefura. Rangi imepasuka. Tuko kwenye chumba kimoja, mlango umefungwa kwa ufunguo, na kuna pasi ya mkaa inawaka juu ya meza, pembeni ya mtungi."

Nikasikia kiti chake kikisukumwa nyuma.

"Toka humo," alisema.

"Bosi?"

"Toka humo ndani, mwanangu. Usiguse kitu. Toka wewe na huyo mama, watoeni na majirani..." Hakuwa tena Meneja. Alikuwa mwanamume anayepiga kelele. "Tokeni! Tokeni sasa hivi!"

Fundi aliiangalia simu mkononi mwangu. "Si umesema umepimwa?" aliiuliza, polepole.

"Mama, kwa jina la Mungu, toka nje!" simu ilijibu.

Fundi akanitazama. Nikaona uso wake ukielewa, kidogo kidogo, kuanzia machoni mpaka mdomoni. Akaingiza mkono kifuani. Akatoa ufunguo. Vidole vilivyotunga uzi kwenye sindano maisha yake yote vilikuwa vinatetemeka kama majani, na ufunguo ukachomoka, ukagonga ukingo wa cherehani, ukatumbukia kwenye kapu la vipande vya nguo.

Tulipiga magoti wote wawili. Tulifukua kwa mikono minne. Vitambaa vyekundu, vya kijani, vya maua, vipande vidogo visivyokwisha. Nje nilimsikia Shemeji akipiga honi, mara moja, kwa furaha, kuniambia gari limeshageuka.

Ndipo kwenye mshono wa mtungi ikaanza sauti. Ndogo. Kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

Ssss.

Mikono yetu ilisimama ndani ya kapu. Mimi niligeuka kuitazama pasi. Na yeye aliigeukia pasi. Ilikuwa karibu na mtungi kuliko ilivyokuwa karibu nasi.